Tuchange Kabla ya Kilio: Namna ya Kumuangalia Mgonjwa Nyumbani

Haya ni maneno ya komite ya afya kwenye mkutano wa mwezi. Tumeyaandika kama tulivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na wale walioomba kuyasoma nyumbani.



Tuko watu wanne mbele yenu. Wawili kati yetu walikuwa wahudumu wa afya kambini Nyarugusu, mmoja alikuwa Lugufu mpaka ile kambi ilipofungwa, na mmoja ni infirmiye ambaye hakuvuka ziwa hata siku moja. Alibaki huku wakati wote. Hatukuja leo kuwafanya waganga. Tumekuja kwa sababu ya mtoto tuliyemzika, na kwa sababu tuna ombi kwa chama.

Wengi mlikuwa kwenye kile kilio. Mtoto alikuwa na miezi 14. Joto lilianza siku ya ine. Sisi wenyewe wa komite tulipita pale jioni, tukamgusa paji la uso, tukasema: "Iko na joto tu, itapita." Tukaenda zetu. Hatukuhesabu pumzi. Hatukuuliza kama ananyonya. Usiku wa siku ya tano mama yake aliona anapumua mbio na hataki ziwa. Bibi akasema ni meno. Wakatafuta feza ya pikipiki, franka 20,000, hazikupatikana. Wakasema: "Tungoye asubui." Asubuhi walipofika, muganga akauliza maneno matatu: alianza lini kukataa ziwa? Amepewa dawa gani? Saa ngapi? Watu watatu wakatoa majibu matatu. Bibi alikuwa amempa nusu kidonge cha homa asubuhi. Shangazi, bila kujua, akampa robo mchana. Baba akarudi jioni na dawa ya maji kutoka famasi, naye akampa. Jina kwenye chupa lilikuwa lingine, lakini ndani ilikuwa parasetamoli ile ile. Mtoto alikufa kabla ya saa sita. Muganga hakusema kwamba dawa ndizo zilimuua. Alisema neno moja tu: amechelewa.

Siku ile ile jioni, chama kilichanga franka 180,000 kwa ajili ya sanduku na chakula cha kilio. Hakuna aliyekataa. Tulichanga kwa saa moja. Wandugu, zile feza zingelipa pikipiki tisa.

Hatusemi haya kumuumiza mama wa mtoto, ambaye ametupa ruhusa tuyaseme na amekaa hapa pamoja nasi. Tunasema kwa sababu kosa ni letu sote. Chama chetu kinajua kuzika vizuri. Hakijajifunza kuangalia mgonjwa mapema.

Na kuna sababu. Miaka ile kambini tulizoea kitu kimoja: mhudumu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Mtoto akiharisha, kuna mtu mwenye daftari anauliza. Hospitali iko ndani ya kambi, unaenda kwa miguu. Kisha toka 2005 meli zilianza kutuleta kutoka Kigoma mpaka Baraka, tukarudi kwenye vijiji vyetu, na hayo yote tukayaacha ng'ambo. Huku santre ya afya iko mbali, barabara inakatika mvua ikinyesha, na usiku hakuna anayepita. Huku mtu wa kwanza kumuona mgonjwa ni wewe uliyelala naye nyumba moja. Infirmiye wa kwanza ni mama, ni bibi, ni yule kijana anayemsaidia baba yake kugeuka kitandani. Basi tujifunze kazi hiyo. Ni vitu vine: kuangalia, kuhesabu, kuuliza, kuandika.

KUANGALIA

Kabla hujamgusa mgonjwa, simama umuangalie. Je, anakuona? Ukimwita jina, anageuka? Kama hageuki kwa sauti, anageuka ukimfinya kidogo? Mtu ambaye jana alikuwa anaongea na leo anajibu tu akifinywa, huyo amebadilika sana, hata kama hana joto. Usiseme "amelala." Muamshe. Mtu aliyelala anaamka.

Muangalie kifua. Mtoto akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, chini ya mbavu, inatakiwa kutoka nje. Kama inaingia ndani kila akivuta, hiyo ni hatari.

Muangalie viganja vya mikono, uviweke karibu na vya kwako. Kama vyake ni vyeupe, anakosa damu. Malaria inakula damu ya watoto, na joto linaweza kushuka huku damu inakwisha.

Na kama anaharisha, finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kisha uiachilie. Ngozi ya mtu mwenye maji mwilini inarudi mara moja. Ikirudi polepole, amepungukiwa. Ikikaa zaidi ya nukta 2, amepungukiwa sana.

KUHESABU

Hapa ndipo sisi wa komite tulipokosea. Mkono kwenye paji la uso haupimi kitu. Mkono wako ukitoka kuosha vyombo, kila mtu atakuwa na joto. Kama kuna kipimajoto, kiweke kwapani: 37,5 na kwenda juu ni homa. Lakini hata bila kipimajoto, pumzi unaweza kuzihesabu. Inahitaji telefone yenye saa, na dakika moja nzima. Si nusu dakika mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui sawa sawa. Tena awe ametulia. Akilia, ngoja. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.

Tulijaribu hapa mkutanoni. Kuna mtoto wa miaka miwili aliyelala mgongoni mwa mama yake, na mama akakubali tumuhesabu. Wengi mlipata 26 au 28. Baba mmoja pale nyuma alipata 54, watu wakacheka. Baba huyo hakuwa mjinga, alihesabu kupanda moja na kushuka moja. Afadhali akosee hapa kuliko saa nane ya usiku. Alirudia, akapata 27.

Hizi ndizo hesabu za kukumbuka. Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni mbio. Kutoka miezi 2 mpaka 11: 50 au zaidi. Kutoka mwaka 1 mpaka 5: 40 au zaidi. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya 12 na 20. Akifika 30 akiwa amelala tu, usingoje. Yule mtoto wetu wa miezi 14, mama yake anasema "alikuwa kama mbwa aliyekimbia." Tungehesabu ile jioni ya kwanza, labda tungeona 40 na zaidi, na usiku mzima ungekuwa mbele yetu.

KUULIZA

Uliza ilianza lini, na nini kilibadilika leo. Uliza anakunywa? Anakojoa? Mara ya mwisho lini? Mtoto aliyeshinda bila kukojoa anatuambia kitu. Uliza anatapika kila kitu au kidogo? Na kwa mwanamke, uliza kama ana mimba au kama amezaa karibuni, hata kama unaona haya. Mtu mwenye heshima akimuuliza pembeni, atajibu.

KUANDIKA

Nunua kaye moja na biki, zikae pale pale pa mgonjwa. Kila ukimuangalia andika: siku, saa, pumzi, joto kama kipimajoto kipo, amekunywa nini, amepewa dawa gani na kiasi gani, na nani aliyempa. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule. Mwaka huu bibi mmoja wa kartiye ya kando ya ziwa alifikishwa hospitali na mjukuu wake wa miaka 12 mwenye kaye. Muganga alisoma ukurasa mmoja, akajua homa ilianza siku gani, dawa ya malaria ilianza lini, na kwamba toka asubuhi bibi alikuwa anachanganya maneno. Hakuuliza mara mbili. Bibi yuko hapa, amekaa mstari wa kwanza.

ALAMA ZA KUTONGOJA ASUBUHI

Kwa mtoto: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki. Alama moja tu inatosha. Ongezeni kifua kinachoingia ndani. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni zaidi: pumzi 60, joto la 37,5, au baridi chini ya 35,5, au hatembezi mikono na miguu mpaka umguse. Kichanga mgonjwa anaweza kuwa baridi. Msingoje homa.

Kwa mama mwenye mimba: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kupasuka. Kwa aliyetoka kuzaa: kitambaa kikilowa damu chini ya dakika 5, hakuna kikao cha familia, ni pikipiki.

Kwa mtu mzima: pumzi 30, kuchanganya maneno, kutoamka, au kuharisha maji kama maji ya mchele. Sisi watu wa kando ya Tanganyika tunaijua kolera. Inamaliza mtu mzima mwenye nguvu kwa masaa machache. Mpelekeni huku anakunywa.

KUHUDUMIA BILA KUUMIZA

Mtu anaweza kumuangalia mgonjwa vizuri halafu akamdhuru kwa mikono yake. Kwa hiyo sikilizeni.

Mikono: nawa kwa maji na sabuni kabla ya kumgusa, baada ya kumgusa, na baada ya kutupa matapishi au choo chake. Sabuni ikikosa, tumia majivu. Wewe ndiye unayepikia nyumba nzima.

Dawa: kabla ya kumpa, jiulize mambo matano. Huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Hii ndiyo dawa yenyewe? Kiasi ni hiki? Inapita wapi, mdomoni au pengine? Na saa yake imefika? Hospitali mnalaza watoto wawili kitanda kimoja, na wote wawili wamepewa jina la babu mmoja. Garde wa mgonjwa ndiye mlinzi wa mwisho. Infirmiye akija na sindano, sema kwa heshima: "Muganga, huyu ni nani unamtafuta?" Si kumdharau. Infirmiye mzuri atakushukuru. Mmoja wetu ni infirmiye, na anasema hivyo.

Parasetamoli: inahesabiwa kwa kilo, miligramu 10 mpaka 15 kwa kilo moja. Mtoto wa kilo 10, robo ya kidonge cha 500 inamtosha. Masaa 4 mpaka 6 yapite kabla ya kumrudilia, na isizidi mara 4 kwa siku. Ikizidi inaharibu ini. Basi nyumbani awe mtu mmoja tu anayetoa dawa, na aandike. Soma jina la dawa lenyewe, si lile kubwa la kwenye boksi tu. Na dawa ya malaria iliyotolewa kwa siku 3 imalizwe siku 3, hata akianza kucheza siku ya pili.

Degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji baridi, usimnyweshe kitu. Angalia saa imechukua dakika ngapi, kisha mpeleke. Mtu asiyeamka vizuri haongezewi kitu mdomoni, hata maji. Yataingia kwenye mapafu.

Kuharisha: sashe moja ya chumvi ya kunywa, ile ya lita moja, inaingia kwenye lita moja nzima ya maji safi, isiwe kikombe. Ikipita siku moja, mwaga, tengeneza nyingine. Mtoto wa chini ya miaka 2, kila akiharisha, mpe robo mpaka nusu ya kikombe. Mkubwa wake nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Sashe ikikosa: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazishwa, kwa lita moja. Msikosee chumvi. Santre ikiwapa vidonge vya zinki, mtoto wa miezi 6 na zaidi anakunywa kimoja kwa siku, wa chini yake nusu, siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Na ziwa la mama lisisimame.

Njiani: mtoto mgonjwa akikaa muda mrefu bila kula, sukari ya damu inashuka. Kama anaweza kumeza na hanyonyi, tia vijiko vidogo 4 vya sukari kwenye kikombe cha maji safi, mpe vijiko vichache kabla ya kuondoka. Mfunike, na umpakate vizuri kwenye pikipiki.

Mgonjwa wa kulala siku nyingi: mgeuze kila masaa 2, ubavu huu, mgongo, ubavu ule. Angalia matako, visigino na mabega. Pakiwa pekundu au peusi na hapabadiliki ukibonyeza, asipalalie tena. Shuka iwe kavu. Kidonda cha kitanda kinaanza kwa siku moja na kupona kwake ni miezi.

OMBI LETU

Sasa tufike kwenye feza. Sheria ya chama chetu inasema hakuna kutoa kitu kwenye kasha bila mkutano wa komite kubwa, isipokuwa kwa msiba. Yaani mtu akifa, kasha linafunguka usiku huo. Akiwa bado mzima, tungoje siku ya posho. Tulipoandika sheria hiyo hatukuiona hivyo. Sasa tumeiona.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila kartiye iwekewe feza ya pikipiki moja ya kwenda, ikae kwa mama mmoja mtaaminiye, na aitoe usiku au mchana akiambiwa alama moja kati ya hizi tulizotaja. Hesabu itolewe kwenye mkutano unaofuata. La pili, kila kartiye iwe na kipimajoto kimoja na kaye. La tatu, familia iliyopeleka mgonjwa na ikakuta si ugonjwa mkubwa isichekwe wala isidaiwe kwa maneno. Iambiwe: "Mlifanya vizuri." Tukimcheka mmoja, kumi wengine watangoja asubuhi.

Mzee mmoja alituuliza: "Na kasha likiisha?" Ni swali la haki. Tunajibu hivi: kilio kimoja kilitula franka 180,000, na pikipiki ni 20,000. Tutachanga tena kila mwezi kama tunavyochanga, lakini kwa sehemu kubwa tutachangia walio hai. Na aliyesaidiwa, akipona, atarudisha kidogo kidogo bila faida, kama kwenye likelemba.

Tulirudi nchini na turubai, masufuria na vitabu vya watoto. Wengine tulirudi na watoto waliozaliwa ng'ambo, waliovushwa ziwa wakiwa wazima. Wasife huku kwa sababu sisi tulikuwa tunangoja mapambazuko.

Leo usiku, mkifika nyumbani, kila mtu amuhesabu mtoto wake akiwa amelala, mzima. Andikeni hesabu hiyo. Siku akiugua, mtajua kimebadilika nini.

Tunangoja jibu la mkutano.